Mashimo Tisa Juu ya Jabali la Mombasa

Sehemu kubwa ya bidhaa ambazo Uganda huzipokea kwa njia ya bahari hupita mahali pamoja kabla ya kugusa nchi kavu. Matairi, ngano, vyuma vya ujenzi, dawa za hospitali, na magari yaliyokwisha kutumika huko Japani, vyote huingia kwa mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Mombasa na pwani ya Likoni, ndipo meli zifike katika bandari ya Kilindini. Watu wa bara huijua bandari hiyo kwa karatasi tu: hati ya forodha, risiti ya wakala, namba ya kontena. Ni wachache waliopata kusimama juu ya jabali la Ras Serani, pembe ya kusini-mashariki ya kisiwa, na kuziona meli zenyewe zikiingia moja moja, zikifuata njia iliyowekewa maboya, karibu kiasi cha mtu kuweza kusoma majina yake ubavuni bila darubini.

Huko huko juu ya majabali, jirani na barabara iitwayo Mama Ngina Drive, ndiko uliko uwanja wa gofu wa Mombasa.

Jabali lenyewe si jiwe la kawaida kama yale tuyaonayo Tororo au Mubende. Ni matumbawe. Zamani sana, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa, na mahali hapo palikuwa chini ya maji, makazi ya samaki na kaa. Bahari iliposhuka, matumbawe yalibaki juu, yakakauka na kuwa jiwe gumu lenye vishimo vingi na ncha kali za kukata kiatu. Juu ya jiwe hilo upo udongo kidogo tu. Mibuyu imepata namna ya kushika mizizi yake humo, nayo ni mikubwa ajabu. Minazi pia ipo. Majani yaliyokubali kuishi hapo ni ukoka, ule ule unaomsumbua mkulima shambani kwake, ambao huvumilia chumvi, jua na kukanyagwa. Mkulima huung'oa kwa jembe na kuulaani. Mwangalizi wa uwanja wa gofu huumwagilia maji, huukata kwa mashine, na huulinda kama bustani ya mchicha. Na maji katika kisiwa hicho si kitu cha kuchezea, kwani Mombasa haina mto wa maji baridi, na kwa miaka mingi imetegemea mabomba yanayotoka mbali, pamoja na yale ya chemchemi za Mzima huko Tsavo.

Uwanja una mashimo tisa. Mchezo kamili wa gofu ni mashimo kumi na manane, kwa hiyo mwenye kutaka kuutimiza huzunguka mara mbili. Chama chake kilianzishwa mwaka 1911, miaka kumi baada ya reli ya Uganda kufika katika Ziwa Viktoria. Waliokianzisha walikuwa Waingereza wa serikali, wa reli na wa biashara ya bandari, na kama ilivyokuwa katika vyama vya namna hiyo wakati wa ukoloni, Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mwenzake begani. Entebbe ilikuwa imetangulia: chama chake ni cha mwaka 1901. Jinja nayo, karibu na mahali Nile inapoliacha ziwa, ilipata sifa duniani kwa kanuni yake ya nyumbani kwamba mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuutoa na kuuweka kando bila adhabu. Mombasa haina viboko. Ina upepo, na upepo haukutungiwa kanuni ya kumpunguzia mtu adhabu.

Ieleweke kwamba huu si uwanja wa fahari kuliko vyote vya pwani ile. Ng'ambo ya kaskazini uko ule wa Nyali. Kusini, katika fukwe za Diani, hoteli ya Leisure Lodge ina mashimo kumi na manane, na wageni kutoka Ulaya hutoka chumbani wakaenda kucheza kisha wakarudi kuogelea. Vipingo, katika njia ya kwenda Kilifi, mahali palipokuwa mashamba ya mkonge pamefanywa uwanja mkubwa uliobuniwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, yule aliyepata kushinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1989. Na tangu mwaka 2019 wanawake wachezaji wa kulipwa kutoka duniani kote wameshindana hapo. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mwaka huo wa kwanza, Aditi Ashok wa India akashinda mwaka 2023, na Shannon Tan wa Singapore mwaka 2024. Huko kila kitu kimepangwa na kusafishwa, na gharama yake ni ya watu wenye nafasi. Uwanja mkongwe wa kisiwani uko mjini, kando ya watu, na mtu anayesubiri kivuko au basi aweza kwenda kwa miguu. Ndiyo sababu mgeni mmoja kutoka Jinja alijikuta hapo asubuhi moja ya mwezi wa Julai.

Mgeni huyo alikuwa sajini mstaafu wa polisi. Yeye na mkewe hawakwenda Mombasa kustarehe. Walikuwa wamechukua kiinua mgongo chake, wakaongeza akiba ya mama iliyotokana na miaka mingi ya kuuza nafaka, na kwa fedha hizo wakanunua Japani basi dogo la abiria kumi na wanne, ili kijana wao aliendeshe kati ya Jinja na Iganga. Basi lilikuwa limo melini. Watu wa mtaani walikuwa wamewaonya juu ya mawakala, juu ya karatasi zinazochelewa, na juu ya ada ya kuhifadhi gari bandarini ambayo huongezeka siku baada ya siku. Kwa hiyo waliamua kuja wenyewe, kwa basi mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi kwa treni ile mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Walipofika, wakala akawaambia kwamba meli imechelewa, wasubiri siku mbili.

Siku mbili mjini Mombasa kwa mtu mwenye fedha zake zote baharini ni ndefu mno. Siku ya kwanza walikwenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakazunguka Mji wa Kale, wakanunua leso. Siku ya pili sajini alisema angependa kwenda kuuona uwanja wa gofu.

Mkewe alimtazama. "Baba, kuuona au kuucheza?"

"Kuuona," alijibu, na baada ya kimya kidogo akaongeza, "na kama bei si kubwa, kuucheza."

Hapa msomaji wa kambini aweza kuuliza sajini wa polisi alijulia wapi gofu. Jibu ni kwamba aliijulia begani. Alipokuwa mtoto Jinja, siku za Jumamosi alibeba mifuko ya wachezaji ili apate fedha ya daftari na sabuni. Alijifunza majina ya fimbo zote kabla hajaruhusiwa kuishika hata moja kwa ajili yake mwenyewe. Katika utumishi wake alicheza mara chache, kwa fimbo za kuazima. Wala si jambo la ajabu siku hizi askari kucheza gofu: Dar es Salaam, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina uwanja wake Lugalo, na raia hucheza humo pamoja na wanajeshi. Bali uwanja wa kando ya bahari sajini alikuwa hajapata kuukanyaga.

Alilipa ada ya mgeni, akakodi nusu mfuko, yaani fimbo saba. Kanuni huruhusu fimbo kumi na nne, lakini nusu yake yamtosha mtu asiye na cheo katika mchezo huo. Mpira wa gofu uliookotwa hauna bei kubwa, naye alinunua sita kwa yule ambaye angembebea mfuko, mzee mwembamba mwenye kofia iliyofifia kwa jua na ndara za ngozi. Uwanjani watu hao huitwa makedi. Baadhi yao wamezeeka katika kazi hiyo, na huujua uwanja kwa nyayo zao.

"Shikamoo, kaka," alisema sajini.

"Marahaba, ndugu yangu. Karibu. Watoka bara?"

"Jinja, Uganda."

"Ala! Basi hizo meli unazoziona pale chini nyingine ni zenu."

Mzee alipoinama kuutwaa mfuko, mkono wa sajini ulitangulia bila yeye kukusudia; aliushika kwa chini, penye kitako, na kuutupa mkanda begani kwa pigo moja. Kisha akatambua alichokifanya, akaurudisha. Mzee alicheka. "Wewe ulipata kubeba. Mchezaji hushika mfuko kwa juu kama mwanamke ashikavyo kikapu cha sokoni. Aliyebeba huushika kwa kitako." Tangu hapo hakumwita tena mgeni. Na alipoambiwa kazi aliyostaafu, alimwita afande.

Kwa wale wasioujua mchezo, yatosha kusema hivi. Mpira ni mdogo, una uzito usiozidi gramu 46 na upana wa milimita 43 hivi. Shimo lina upana wa milimita 108, kiasi cha mdomo wa kikombe kikubwa. Kati ya mahali pa kuanzia na shimo huenda pakawa na meta 150 au 400 au zaidi, na mshindi ni yule atumiaye mikwaju michache kuufikisha mpira shimoni. Hakuna mtu anayekuzuia. Hakuna mlinda mlango. Mpinzani hawezi kukugusa wala kukunyang'anya mpira. Kwa sababu hiyo watu husema ni mchezo wa wavivu, nao husema hivyo mpaka siku waushikapo mti wenyewe.

Mkwaju wa kwanza wa sajini ulikuwa mzuri. Wote wawili walikubaliana juu ya hilo. Aliilenga bendera ya shimoni, akazungusha fimbo bila pupa, na mpira ukaruka juu, mweupe, sawasawa kama risasi. Halafu, ulipofika kimo cha minazi, ulisimama kana kwamba umeitwa jina, ukageuka, ukaenda kulala nje ya mpaka wa uwanja.

Kanuni ni kali hapo: mkwaju mmoja wa adhabu, na kupiga tena kutoka palepale. Sajini akapiga tena, akilenga bendera. Ukaenda kulekule. Mipira miwili kati ya sita, na hajaondoka mahali pa kuanzia.

"Afande," alisema mzee taratibu, "hapa bendera si shabaha. Bendera ni mahali unapotaka kufika. Lenga baharini."

"Baharini!"

"Lenga boya lile jekundu. Kusi itakurudishia."

Mwezi wa Julai upepo wa kusi huwa katika nguvu zake. Huanza kushika mwezi wa Aprili, ukivuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kutoka kwenye maji ya baridi, na hudumu mpaka Septemba au karibu yake. Kisha huja kipindi cha kubadilika, na tangu Desemba mpaka Machi huwa ni zamu ya kaskazi, ambao ni mwanana zaidi na wenye joto. Kwa pepo hizo mbili majahazi ya Uarabuni na India yalikwenda na kurudi karne nyingi, na kwa pepo hizo hizo mchezaji wa jabalini hubadili mchezo wake mara mbili kwa mwaka. Shimo ambalo Januari hufikiwa kwa mkwaju mmoja wa fimbo fupi huweza mwezi wa Julai kutaka fimbo ndefu na dua. Asubuhi na mapema upepo hulegea. Saa nne ikishapita, huamka.

Sasa, askari yeyote aliyepitia mafunzo ya shabaha analijua jambo hili. Upepo ukivuma toka kulia, hulengi katikati ya kibao. Unasogeza lengo kulia, nao upepo huirudisha risasi. Sajini alikuwa amefundisha kuruta wengi kanuni hiyo. Lakini kuna tofauti kati ya kusogeza lengo kiasi cha upana wa kiganja, na kuugeuzia mwili mzima mgongo wa uwanja, ukaielekea bahari, ukapiga kwa nguvu zako zote kuelekea mahali ambapo, upepo usipotimiza ahadi, mpira utazama usionekane tena. Risasi ni ya serikali. Mpira alikuwa ameununua.

Alipiga akilenga boya. Mpira ulitoka nje ya jabali, ukawa juu ya maji matupu, chini yake povu na mawe. Ulikaa huko juu muda ambao sajini aliuona mrefu. Kisha ulianza kurudi. Ulirudi kama njiwa arudivyo bandani, ukapinda juu ya ukingo, ukaangukia katikati ya ukoka, ukabingirika hatua chache, ukatulia.

Mzee hakusema neno. Aliutwaa mfuko, akatangulia.

Mashimo yaliyofuata yalikwenda kwa kupanda na kushuka. Mahali pengine jiwe la matumbawe limetokeza kati ya majani, na mpira ukiligonga huruka upande usiotarajiwa, mara nyingine kwa faida ya mtu, mara nyingi zaidi kwa hasara. Kunguru wa kijivu shingoni, wale waliotoka India na kujaa pwani yote, walifuata wachezaji kutoka mti hadi mti wakitazama kila kilichowekwa chini. Kwenye mtego mmoja wa mchanga sajini alipoteza mikwaju mitatu. Mchanga ule ni mweupe na mwepesi, si kama wa ziwani, na fimbo huzama. Kwenye shimo jingine fupi aliuweka mpira karibu na bendera kwa mkwaju mmoja, akausukuma ndani kwa wa pili, na mzee akainua kofia yake.

Njiani walizungumza. Mzee alieleza kwamba kedi hulipwa kwa kila mzunguko, na siku isiyo na wachezaji haina malipo. Masika, mvua inaposhika mwezi wa Mei, huweza kukaa chini ya mti tangu alfajiri mpaka adhuhuri akarudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa amesomesha watoto wanne kwa kazi hiyo, na mmoja wao alikuwa fundi wa umeme bandarini. Hakuyasema hayo kwa kulalamika. Alilolilalamikia lilikuwa jabali. Bahari inalila kwa chini. Mawimbi ya kusi hupiga mguu wa jabali miezi mitano mfululizo, na siku za bamvua, maji yanapopanda zaidi ya meta tatu kutoka kupwa hadi kujaa, hufikia mapango ambayo siku nyingine hubaki makavu. Jiwe huchimbika taratibu ndani, juu yake pakabaki kama paa lisilo na nguzo, na siku moja huanguka. Mzee alionyesha kwa kidole sehemu za ukingo ambazo yeye hakanyagi tena. "Mtoto wangu akiokota mipira hapa namkataza," alisema. "Mpira una bei. Mtu hana."

Ni vyema kusema kwamba mji umejaribu kuuhifadhi ukingo huo kwa ajili ya watu wote. Mama Ngina Drive ilitengenezwa upya mwaka 2019, ikawekwa njia za miguu na viti, na sherehe za Siku ya Mashujaa za mwaka huo zilifanyika papo hapo. Jioni watu wa Mombasa humiminika hapo pamoja na watoto wao kupunga upepo. Huuzwa madafu, na mihogo iliyochomwa ikapasuliwa, ikatiwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Mama wa nyumbani aliyezoea kuchemsha mihogo tu angefanya vizuri kuijaribu namna hiyo: mihogo michanga isiyo na nyuzi, moto wa makaa usio mkali, na pilipili isitiwe mpaka ndimu iwe imekwisha kunyonywa.

Mke wa sajini alikuwa ameketi huko tangu asubuhi, katika kivuli cha mbuyu, na karatasi ya mihogo mapajani. Hakupenda gofu na hakujifanya kuipenda. Macho yake yalikuwa baharini. Wakala alikuwa amemwambia jina la meli, naye alikuwa ameliandika kwenye ukingo wa gazeti na kulikariri. Kila meli iliyojitokeza kwenye upeo wa macho aliisubiri mpaka ikaribie, akasoma jina, akatikisa kichwa. Ya kwanza ilikuwa ya makontena. Ya pili ilikuwa ya mafuta, imezama sana majini kwa uzito. Muuza madafu, alipopata kujua anachosubiri, alimwambia: "Mama, meli ya magari hutaikosa. Haina sura ya meli. Ni kama ghala lililoamua kutembea."

Sajini alikuwa na mipira miwili tu alipofika shimo la tisa. Alikuwa amepiga mikwaju 58, hesabu ambayo mchezaji hodari wa mashimo tisa angeionea haya, lakini yeye alikuwa ameitunza kwa uaminifu kwenye kadi, na ile ya adhabu pia, kama alivyokuwa akiandika kitabu cha matukio kituoni. Upepo ulikuwa umeamka barabara. Makuti ya minazi yote yalikuwa yamelala upande mmoja. Alijipanga, akaielekea bahari bila kuambiwa, akatafuta boya la kulilenga.

Boya halikuonekana. Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe, mrefu kuliko jengo lolote la Jinja, usio na madirisha, unaosogea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Mashua ya rubani ilikuwa ubavuni mwake, ndogo kama kiatu. Toka upande wa barabara ilisikika sauti ya mwanamke ikiita kwa Lusoga, kisha kwa Kiswahili, ili na wengine wafahamu: "Ndiyo yenyewe! Baba, ndiyo yenyewe!"

Sajini aliishusha fimbo. Mzee naye aliutua mfuko chini. Walisimama kuitazama. Humo ndani, katika mojawapo ya sakafu zake, kati ya mamia ya magari yaliyofungwa kwa mikanda, kulikuwa na miaka thelathini ya kazi ya mtu na mkewe, ikiwa na viti kumi na vinne. Meli ilipita mbele yao bila kishindo, ikageuka na mlango wa bahari, na kule Likoni vivuko vilisimama kuipisha, abiria wamejaa wakiwa na baiskeli na mikokoteni yao, kama vinavyosimama kuipisha kila meli kubwa.

"Afande," alisema mzee, "boya limerudi."

Sajini alipiga. Mpira ulitoka juu ya maji, ukarudi, lakini safari hii ulirudi kupita kiasi, ukaangukia upande wa pili wa grini. Akatumia mikwaju minne zaidi kuumaliza. Jumla 63. Aliiandika, akaitia sahihi kadi, ingawa hapakuwa na wa kumkabidhi.

Alimlipa mzee ujira wake na kidogo juu yake. Mkewe alikuwa amekwisha kufika kwenye uzio, leso imemshuka mabegani, simu ya wakala mkononi: karatasi zingekuwa tayari kesho kutwa, si kesho, kwani meli itahitaji siku ya kupakua. Aliwagawia mihogo iliyobaki, ambayo ilikuwa imekwisha kupoa, nao wakala wamesimama.

"Basi kesho hamna kazi," alisema mzee.

Sajini alimtazama mkewe. Mama alikuwa akiikunja karatasi ya mihogo mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

"Upepo hulala mpaka saa ngapi?" aliuliza mama.

"Akija saa kumi na mbili na nusu, atacheza mashimo sita kabla haujaamka," alijibu mzee. "Na aje na ile mipira yake miwili. Asinunue mingine kwangu."